Karatasi Tatu Nilizomficha Baba

Wahenga walisema kwamba mficha ugonjwa kifo humuumbua. Mimi sikuficha ugonjwa wangu. Nilificha wa babangu, na niliyemficha ni yeye mwenyewe. Nilifanya hivyo kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, tena kwa mapenzi. Leo nakusimulia, msomaji, ili ikiwa nawe unabeba karatasi kama zangu ndani ya mkoba, uzitoe mapema.

Nyumbani kwetu ni Kithyoko, kando ya barabara kuu ya kwenda Garissa, ukishapita Matuu. Ni nchi kavu. Mwaka mzuri tunavuna ndengu, kunde na mtama. Mwaka mbaya tunavuna vumbi. Babangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi alikuwa na kazi moja ya ziada ambayo walimu wenzake hawakuitaka: kusoma kipimamvua. Kila siku saa tatu asubuhi, iwe Jumapili au Krismasi, alimimina maji ya mvua ndani ya gilasi yenye mistari, akainama, akasoma, kisha akaandika katika daftari. Alipostaafu alinunua kipimamvua chake mwenyewe, akakisimika uani mbali na mwembe.

"Mvua ya siku moja si msimu," ndivyo anavyopenda kusema majirani wanapokimbilia kupanda baada ya manyunyu ya kwanza.

Mimi huniita Mwaitu, yaani mama, kwa vile nilipewa jina la mamake. Nafanya kazi ya uhasibu jijini Nairobi. Ni mtu wa namba kama yeye, na hilo ndilo linaloniongezea aibu.

Mambo yalianza mwaka 2018. Baba alikuwa na umri wa miaka 66. Alikuwa akiamka mara nne au tano usiku kwenda haja ndogo, na mkojo ukawa wa kukatakata. Yeye alisema ni uzee. Mama ndiye aliyeona kwamba si uzee mtupu, lakini hakuniambia mimi. Alimwambia kakangu mkubwa. Kwetu Ukambani binti hazungumzi na babake mambo ya sehemu za siri. Nilikuja kujua walipohitaji pesa za vipimo.

Alipimwa damu, ikapatikana namba inayoitwa PSA kuwa 11.4. Baadaye vilichukuliwa vipande vidogo vya nyama, vikachunguzwa, tukaambiwa ni saratani ya tezi dume lakini bado imo ndani ya tezi yenyewe. Ng'ombe watatu waliuzwa, harambee ikaitishwa, na mwezi Septemba mwaka huo akafanyiwa upasuaji Nairobi. Tezi yote ikatolewa.

Kwa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, nieleze kidogo. Tezi dume ni kiungo kidogo, kama limau dogo hivi, kilichoko chini ya kibofu cha mkojo. Wanaume wote wanacho. Hutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa, na ndani ya majimaji hayo mna protini ambayo madaktari huiita kwa zile herufi tatu, PSA. Kiasi kidogo cha protini hiyo hupenya kikaingia katika damu, na hicho ndicho kinachopimwa kwa nanogramu katika kila mililita moja. Nanogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara bilioni moja.

Mimi nilidhani kwamba tezi ikishatolewa, hadithi imekwisha. Daktari aliyempasua alitukalisha chini, mimi, Baba na kakangu, akatueleza kwamba sasa ndipo kipimo hicho kinapoanza kufanya kazi yake bora zaidi. Mtu mwenye tezi anaweza kuwa na PSA ya juu kwa sababu nyingi: tezi imevimba kwa umri, au ina uambukizo, wala hana saratani. Lakini aliyetolewa tezi hana tena kiwanda cha protini ile. Katika damu yake protini iliyobaki hupungua kwa nusu kila baada ya siku 2 au 3, na baada ya wiki 6 hivi inapaswa isionekane kabisa. Ikionekana baadaye, ikaendelea kupanda, basi ziko chembe mahali fulani zinazoitengeneza. Zaweza kuwa zimebaki pale palipopasuliwa, au zimehamia kwingine.

"Mwalimu," daktari alimwambia, "utajisikia mzima kabisa, na damu itakuwa inasema jambo jingine. Usisubiri maumivu ndipo uje. Damu hutangulia maumivu kwa miaka."

Alitueleza pia kwamba madaktari wameweka mstari. PSA ikifika 0.2 baada ya upasuaji, na kipimo cha pili kikathibitisha, huhesabiwa kwamba ugonjwa umerudi katika damu, hata kama hakuna picha inayouonyesha. Kwa sababu hiyo apimwe kila miezi 3 mwaka wa kwanza, kisha kila miezi 6, na baadaye mara moja kwa mwaka. Tena apimwe katika maabara ile ile, maana mashine hutofautiana, na tofauti ndogo kati ya mashine mbili yaweza kumtia mtu hofu ya bure.

Baba alielewa kuliko sisi sote. Karatasi ya kwanza ilipokuja imeandikwa "chini ya 0.03", alicheka. Alisema hiyo ni kama asubuhi ambayo ardhi ina unyevu lakini gilasi haina cha kusomwa. Aligeuza daftari la mvua, na kwenye kurasa za nyuma akaanza orodha mpya: tarehe, na kando yake neno "haipimiki".

Miaka ikapita hivyo. Aprili 2020, wakati wa Korona, serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka Nairobi, kipimo kimoja kilitupita. Baba aliandika tarehe, akaacha nafasi wazi. Vingine vyote vilikuwa "haipimiki". Alilima, aliimba kanisani, alirudi kuwa baba tuliyemjua, isipokuwa alikuwa akikaa karibu na mlango kwa sababu mkojo ulimtoroka kidogo alipokohoa. Hilo nalo hatukulizungumza.

Matokeo yalikuwa yakitumwa katika simu yangu, kwa kuwa Baba alikuwa na simu ya mulika mwizi na mimi ndiye niliyelipa. Nikiyapata, nampigia. Mwezi Machi 2022 nilikuwa ndani ya matatu pale Githurai simu ilipolia. Nilifungua nikaona 0.05.

Sikushtuka sana. Lakini nilipompigia na akaniuliza, "Inasemaje, Mwaitu?" nilijikuta nikijibu, "Haipimiki, Baba."

Kwa nini? Nitakueleza. Tulikuwa na baba mdogo, mdogo wake Baba, ambaye mwaka 2016 alipelekwa hospitali akiwa na maumivu ya mgongo. Daktari alimwambia waziwazi kwamba ana saratani ya tezi dume na imeingia katika mifupa. Hakumaliza wiki 7. Tangu hapo katika ukoo wetu husemwa kwamba marehemu hakuuawa na ugonjwa. Aliuawa na kuambiwa. Niliamini hivyo. Sikusoma biolojia zaidi ya sekondari, lakini nilikuwa nimemwona mtu akiingia hospitali kwa miguu yake, na baada ya neno moja akageuza uso ukutani.

Septemba 2022 ilikuja 0.07. Nikasema haipimiki. Machi 2023 ikaja 0.10. Nikasema haipimiki. Kila mara nilichapisha karatasi kazini, nikaikunja, nikaitia katika mfuko wa ndani wa mkoba. Kila mara nilijiambia kwamba bado haijafika 0.2, na ikifika nitasema. Kule Kithyoko Baba naye aliandika nilichomwambia, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

Septemba 2023 kazi ilinibana, na mtoto wa kakangu akampeleka Baba maabara, nao wakampa karatasi mkononi. Jioni alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Mwaitu, nimepewa karatasi. Imeandikwa 0.14. Niulizie daktari anatuona lini."

Tulionana na daktari wiki iliyofuata. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na kwapani amebeba daftari la mvua. Alilifungua kurasa za nyuma akalisukuma mezani. Daktari aliangalia mstari wa mwisho, 0.14, kisha ule wa juu yake, "haipimiki", akatazama tarehe, akachukua kikokotoo. Nilimwona akipiga hesabu mara mbili. Uso wake ulibadilika.

"Mwalimu," alisema polepole, "kama kitabu hiki ni sahihi, miezi 6 iliyopita hukuwa hata na 0.03, na leo una 0.14. Hiyo ni kusema kwamba namba yako inaongezeka maradufu kabla hata ya miezi 3 kwisha. Ugonjwa unaokwenda kasi hivyo mara nyingi hauko tena pale tulipopasua. Itabidi tutafute kwingine, na tuzungumze juu ya dawa nzito."

Baba alinyamaza, akaweka mikono yake miwili juu ya daftari kama mtu anayezuia karatasi zisipeperushwe na upepo.

Msomaji, nilikuwa nimemficha ili asitishwe. Sasa nilimwona akitishwa mbele ya macho yangu kwa jambo ambalo halikuwa kweli, na lililolizaa ni uongo wangu. Nilifungua mkoba. Mikono ilikuwa ikitetemeka. Nilizitoa zile karatasi tatu nikaziweka mezani, sikuweza kumtazama yeyote.

Daktari alizisoma, akazipanga kwa tarehe, akapiga hesabu upya. Kutoka 0.05 hadi 0.14 kwa miezi 18. Aliegemea kiti chake.

"Hii ni habari nyingine kabisa," alisema. "Inaongezeka maradufu kwa mwaka mzima hivi. Inapanda, ndiyo, lakini inatembea, haikimbii. Na imeanza kuonekana zaidi ya miaka 3 baada ya upasuaji. Hizo zote ni dalili za afadhali. Tuna nafasi ya kufanya jambo."

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo mhasibu hapaswi kufundishwa: namba moja peke yake haina maana kubwa. Kinachomsaidia daktari ni mwendo wake kutoka kipimo hadi kipimo. Nilidhani nimeficha namba tatu ndogo zisizo na kazi. Kumbe nilikuwa nimeficha zile zilizokuwa zikihitajika kupima mwendo.

Tulipanda basi pamoja hadi Kithyoko bila kuzungumza. Jua lilikuwa limetua. Mama alileta muthokoi, Baba akala kidogo, kisha akaniita barazani.

"Mwaitu, ninapokosa kusoma mvua, huacha nafasi wazi. Anayekuja kusoma baada yangu anajua kwamba siku ile hakuna habari. Nafasi wazi haimdanganyi mtu. Lakini namba ya uongo ni afadhali daftari zima lichomwe."

Nilimwambia kuhusu baba mdogo. Nilimwambia niliogopa neno litamuua.

"Ndugu yangu hakuuawa na neno," alijibu. "Aliuawa na kuchelewa. Alikuwa na maumivu miaka 2, akawa anapaka dawa ya kuchua mgongo kwa sababu aliona haya kusema anakojoa vibaya. Neno lilikuta kazi imeshafanyika. Mimi nilikwenda mapema, nikapasuliwa, nikavaa nepi kama mtoto, ili nijue. Wewe ukaninyima kujua."

Aliomba kalamu. Alikata kwa mstari mmoja yale maneno matatu ya "haipimiki", bila kuyafuta, na juu yake akaandika 0.05, 0.07 na 0.10. Akaniambia niweke sahihi kando, kama anavyofanya karani anaposahihisha kitabu cha hesabu. Niliweka.

Tangu siku ile nimesoma na kuuliza mengi. Nimejua kwamba kipimo cha PSA kiliidhinishwa Marekani mwaka 1986 kwa ajili ya kuwafuatilia waliokwisha kutibiwa, na ni mwaka 1994 tu kilipoidhinishwa kusaidia kutafuta ugonjwa kwa wale ambao hawajajulikana. Nimejua kuhusu uchunguzi wa hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, uliochapishwa mwaka 1999, ambao uliwafuata wanaume 1,997 waliotolewa tezi. Kama 15 kati ya kila 100 walionekana namba zao zikipanda tena. Na kati ya hao ambao hawakupewa dawa za homoni mapema, ilikadiriwa kwamba ingechukua kama miaka 8 tangu namba kuanza kupanda kabla ya nusu yao kuonekana na saratani katika mifupa au kwingineko. Miaka 8! Babangu mdogo hakuwa na wiki 8. Tofauti yao ni kwamba wale walipimwa mapema.

Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba si wote wanaofanana. Wanaopandishwa namba katika miaka 2 ya kwanza, wale ambao namba yao huongezeka maradufu upesi, na wale ambao nyama yao ilionekana chini ya darubini kuwa ya saratani kali zaidi, hao huhitaji kuangaliwa kwa haraka. Wengine wana muda. Daktari anayejua yote matatu huamua vizuri. Anayefichwa moja huamua gizani.

Nimejua vilevile kwamba hapo zamani ilibishaniwa kama kila aliyepasuliwa apigwe mionzi mara moja kwa tahadhari. Mwaka 2020 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa wanaume 1,396 wa Uingereza, Denmark, Kanada na Ireland. Ulionyesha kwamba waliosubiri, wakapigwa mionzi pale tu PSA ilipopanda, hawakuonekana kupata hasara, na wengi waliepuka madhara ya mionzi ambayo hawakuihitaji. Lakini kusubiri huko kuna sharti moja: kipimo kifanywe kwa wakati, na matokeo yasemwe kama yalivyo. Pasipo hilo, kusubiri si tiba. Ni uzembe.

Kwetu sisi daktari aliamua tupime kila miezi 3. Desemba 2023 ilikuwa 0.17. Machi 2024 ikawa 0.21, na iliporudiwa baada ya wiki chache ikawa 0.22. Mstari ulikuwa umevukwa. Alisema mionzi hufaa zaidi namba ikiwa bado ndogo, kwa hiyo tusikawie. Baba akaja kukaa kwangu, akawa anapigwa mionzi siku 5 kila wiki.

Ilikuwa Aprili na Mei 2024, wakati wa yale mafuriko makubwa. Kila asubuhi alitakiwa kunywa maji kibofu kijae kabla ya kulala chini ya mashine, naye alijipimia kwa jagi langu la jikoni, akaandika mililita. Nilianza kumwuliza bila haya, "Baba, kibofu kimejaa?" Naye alinijibu bila haya. Miaka 40 ya kunyamaza iliishia hapo jikoni.

Siku moja aliniambia kwamba mwaka 2010, Profesa Anyang' Nyong'o, aliyekuwa Waziri wa Huduma za Matibabu, alipotangaza hadharani kwamba ana saratani ya tezi dume, walikuwa wamekaa dukani Kithyoko wakisikiliza redio. Mmoja wao aliinuka akabadilisha stesheni. "Tuliona anatuaibisha," alisema. "Kumbe alikuwa anatufundisha." Waziri huyo alitibiwa Marekani, na mwaka 2017 akachaguliwa kuwa Gavana wa Kisumu.

Kilichomsumbua Baba siku zile ni kipimamvua chake. Mama, ambaye miaka yote alikiona kama mchezo wa wanaume, alipewa kazi ya kukisoma. Alipiga simu kila siku saa tatu na nusu. Asubuhi moja alisema, "Mwalimu, kimejaa kikamwagika. Niandike ngapi?"

"Andika kimefurika," Baba alimjibu. "Usikisie."

Namba yake ilishuka pole pole. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa 0.06, na mwaka 2025 ikarudi chini ya 0.03. Daktari hakutuahidi kwamba haitapanda tena. Alitupa tarehe ya kipimo kijacho.

Kaka zangu wawili, ambao wote wamepita miaka 40, wamekwenda kuzungumza na daktari kuhusu kupimwa, kwa sababu mwenye baba au ndugu aliyeugua yuko katika hatari zaidi, na wanaume weusi huugua zaidi kuliko wengine. Mkubwa alikwenda kwa hiari. Mdogo alikwenda baada ya Mama kumtisha kwamba atampeleka mwenyewe.

Na ile maabara tuliwapa namba ya simu ya Baba. Matokeo siku hizi humfikia yeye kwanza, katika ile mulika mwizi yake. Huyasoma, huyaandika nyuma ya daftari, kisha hunipigia mimi. Huanza na mvua, halafu damu. Juzi ilikuwa milimita 4, na haipimiki.